Masika yameuangusha ukuta wa kaskazini

Masika ya mwaka huu yameuangusha ukuta wa kaskazini wa nyumba yetu ya shamba huku Unguja. Mjomba alinipigia simu alfajiri, baada ya mvua iliyokesha, nikapanda daladala mpaka njia panda na kipande kilichobaki nikakitembea kati ya mikarafuu na michungwa. Kifusi nilikitarajia. Nilichokikuta ni ukuta uliopasuka kutoka juu mpaka chini, tumbo lake liko nje, na nikakaa pale naukagua mpaka jua likawa kali.

Unene wake ni mkono wangu mzima, kutoka begani mpaka ncha za vidole. Nje na ndani yamepangwa mawe makubwa ya matumbawe, yamechongwa uso mmoja tu, ule wa kuonekana. Katikati ni mawe madogo, udongo mwekundu na chokaa, vimesongwa pamoja. Hamna nondo wala chuma cha aina yoyote. Nilibandua kipande cha chokaa nikakivunja kiganjani. Ndani mna chembe za makaa, nyeusi, ndogo kama punje za mtama, na vibanzi vya kombe ambavyo moto haukuvimaliza.

Makaa yale ni ya tanuu. Chokaa ya zamani ilichomwa kwa magogo: yanapangwa duara, juu yake yanarundikwa mawe ya pwani, moto unawashwa na kuachwa uwake mpaka jiwe lenyewe lilegee. Baadaye linamwagiwa maji, na chokaa inayopatikana inahifadhiwa ilainike, miezi ikibidi, kabla fundi hajaigusa. Kwa hiyo, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa hapa, kuna watu walikata miti, wakachukua mawe vichwani, wakakesha na moto. Na kutoka hapa mpaka pwani si karibu.

Juu ya mpasuko yanaonekana matundu ya boriti, moja baada ya jingine. Boriti mbili bado zimo, ncha zake zimeoza, lakini ukikwangua kwa ukucha unaukuta moyo wa mti ungali mgumu. Mikoko hii ndiyo iliyoamua umbo la nyumba nzima. Dari ya mawe na chokaa ni nzito mno, na boriti ya mkoko haiwezi kuibeba ukiivusha mbali zaidi ya mita tatu hivi. Chumba utakirefusha utakavyo, upana umeshapangiwa. Ndiyo maana vyumba vyetu vya juu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana ukiingia nyumba za Mji Mkongwe, za matajiri wakubwa kabisa, unavikuta vyumba vya kipimo kile kile. Mkoko haukumpendelea mtu.

Chini kuna ukumbi na maghala mawili. Juu alikuwa akishukia mwenye shamba alipokuja kusimamia mavuno. Kutani mna zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, zimepigwa lipu nyororo mpaka leo ukizipapasa zinateleza. Paa la mwanzo lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, limepondwa kwa vigongo mpaka likashikana, kazi iliyokuwa ikifanywa na watu wengi kwa pamoja, kwa nyimbo. Lakini mvua za Unguja hazielewani na paa bapa, na baadaye likafunikwa kwa bati, kama zilivyofunikwa nyumba nyingi za mjini. Bati likaoza. Tangu hapo maji yanaingia.

Mbele ya baraza iko sakafu ya kuanikia karafuu, na sehemu hii naipenda kuliko zote. Bibi yangu aliitumia mpaka miguu ilipomkataa. Usiku tulikaa barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka wiki nzima. Asubuhi tunazitandaza juu ya majamvi. Ikitokea wingu, bibi anapiga ukelele mmoja tu, na kila mtu, hata mgeni aliyekuja kusalimia, anainuka kuanua. Chokaa ile ilikuwa inahifadhi joto la jua hata magharibi ikishaingia. Sisi watoto tulikuwa tukijilaza juu yake tukisubiri kuitwa kula.

Nyumba za namna hii zimezaliwa na karafuu. Mikarafuu ililetwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka upande wa Mauritius na Réunion. Anayetajwa sana ni Saleh bin Haramil, na mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani yaliishia mikononi mwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskat, kila mwenye uwezo akataka shamba, na mwenye shamba akataka nyumba ya mawe humo. Huko Kidichi, Seyyid Said alijenga hamamu, nyumba ya kuogea, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na maua na ndege wa lipu waliochorwa kutani bado wapo, nendeni mkawatazame. Mwanawe Khalid aliita nyumba yake ya shamba Marseilles, kwa kuvutiwa na mambo ya Ufaransa. Humo ndimo Barghash, mwana mwingine wa Seyyid Said, alimojifungia na wafuasi wake mwaka 1859 alipomuasi nduguye Sultani Majid. Alishindwa, Waingereza wakiwa upande wa Majid, akapelekwa Bombay. Mwaka 1870 yeye naye akawa Sultani. Ukuta wa unene huu ulikuwa wa kuzuia joto, na siku nyingine ulikuwa wa kuzuia risasi.

Lakini nikiitazama chokaa yenye makaa, si masultani ninaowafikiria. Dunga, kwenye jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, watu wanasimulia kwamba damu ya watumwa ilichanganywa kwenye ujenzi ili kuta zisimame. Nimeisikia hadithi hiyo tangu mdogo, na wazee wanaposimulia huteremsha sauti. Kwa maoni yangu haihitajiki damu ya kuchanganya. Watumwa ndio waliopanda mikarafuu, ndio walioichuma, na ndio waliobeba mawe haya. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Nyumba yetu, kwa inavyosemwa na wazee wa hapa, ilikwishakuwapo kabla ya yote hayo. Ukisikiliza watu wakiielezea, wataitaja kwa jina la tajiri aliyeijenga na wanawe na wajukuu zake. Aliyekesha kwenye tanuu hana jina. Ametuachia makaa yake ndani ya chokaa, na mimi nimeyashika.

Utajiri wenyewe haukudumu hivyo. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ikachukua nafasi ya mbele katika karafuu mpaka leo. Wenye mashamba wengi waliingia madeni, mashamba yakawekwa rehani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Babu na bibi walipata zao hapa, ukutani kabisa pa nyumba hii, na wakakaa chumba kimoja cha chini, jirani na familia nyingine mbili. Mama yangu amezaliwa kwenye ghala la karafuu. Hilo huwa analisema kwa fahari, na mimi nalisema hivyo hivyo.

Alasiri mjomba alimleta fundi, mzee aliyeshika mwiko tangu ujana wake kwenye nyumba za Mji Mkongwe. Aliuzunguka ukuta kimya, akaokota kibanzi cha lipu ya nje, akanionyesha.

"Unaiona hii, mwanangu? Saruji."

"Naiona, babu. Upande huu ulipigwa lipu ya saruji zamani, nilikuwa skuli."

"Basi mvua isilaumiwe peke yake. Chokaa inanywa maji na inayatoa. Saruji imeyafungia ndani, udongo umelowana, boriti zimeoza kichwani. Ukuta ulikuwa umeshakufa, ukangoja siku."

Aligonga kwa kifundo cha kidole ukuta wa kusi, ambao saruji haijaufikia. Ulilia mzito, kwa ukamilifu. Akagonga karibu na mpasuko, ukalia mtupu. Somo hilo nilitamani kila anayetengeneza nyumba ya mawe Unguja na Pemba alisikie kwa masikio yake. Nyumba za mjini angalau zina mamlaka inayozitazama, na Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Za shamba zinaanguka moja moja huku ndani, katikati ya migomba, na anayejua ni mwenye shamba na wachukuaji mawe.

Wachukuaji wameshafika. Kijana mmoja alisimama na gari lake la ng'ombe akamuuliza mjomba bei ya kifusi, anataka kujengea msingi. Simlaumu, jiwe ni ghali na yeye ana nyumba ya kujenga. Mjomba naye alisita, kwa sababu kuitengeneza nyumba nzima hatuna uwezo, na hilo nalijua. Tulikaa barazani, mjomba, mama, fundi na mimi, tukalijadili mpaka magharibi. Mama ndiye aliyekata shauri: jiwe lisitoke hata moja.

Tumekubaliana yale tunayoyaweza. Vichwa vya kuta zilizobaki vitafunikwa kwa mawe na chokaa ili maji yasiingie kutoka juu. Mkuyu uliootea kwenye ukuta wa mashariki utakatwa taratibu, mizizi yake isivutwe kwa nguvu ikang'oa mawe. Saruji yote itabanduliwa. Baraza na sakafu ya karafuu vitatengenezwa kwanza, kwa kuwa jirani zetu bado wanaanika hapo na msimu ukifika watahitaji mahali. Juu, vyumbani, tutasubiri.

Chokaa tumeshaagiza, imeanza kulowekwa kwenye shimo nyuma ya ghala. Mawe ya ukuta ulioanguka nimeanza kuyapanga na watoto wa jirani, makubwa upande mmoja, madogo upande mwingine, na yale yenye uso uliochongwa tumeyaweka chini ya dari ya ukumbi yasipotee. Fundi amesema kazi isianze mpaka mvua zikatike kabisa na kusi ikavuma, maana chokaa mbichi ikipigwa na mvua inaoshwa yote. Nikirudi nitapiga picha za zidaka kabla hatujaanza.