Siku niliyompeleka Kidoti kwa mama

Kwa miezi mitatu mama alikuwa ananiuliza swali moja tu. Anaweka kidole cha mkono wa kushoto katikati ya paji la uso wake, alafu ananitazama. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia na karibu maneno yote, na mimi nilikuwa nimeenda kumchukua harakaharaka nikaja naye kwangu, nchi nyingine kabisa, masaa 6 kwa ndege. Kidoti akabaki kwa jirani. Ni mbwa mdogo wa kahawia, mchanganyiko tu, ana doa jeupe kwenye paji la uso na jina limetoka hapo, kwa hiyo kile kidole kilikuwa kinasema mbwa wangu yuko wapi. Namjibu yuko salama mama, anakula vizuri. Ananitazama mpaka naangalia pembeni. Siku moja nikaomba likizo ya wiki tano kazini, nikamwambia mama naenda kumleta.

Kwenye kichwa changu ilikuwa ni suala la tiketi na begi, basi. Nilivyofika kwa daktari wa mifugo ndo nikajua kwa nini nilihitaji zile wiki tano zote. Kidoti alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka, mama hakuwahi kuruka hata mmoja na kadi zote zilikuwepo kwenye droo, lakini hakuwa na chipu. Na nchi nyingi, zile za Umoja wa Ulaya zikiwemo, chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachoonyesha kwamba mbwa wa kwenye kadi ndo huyu aliyesimama hapa. Kwa hiyo akawekwa chipu kwanza, ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinaingia kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, kina namba yenye tarakimu 15. Alafu akachanjwa upya, alafu tukaanza kuhesabu siku 21. Zipo nchi zinataka na kipimo cha damu juu ya hapo na kungoja miezi, na zipo ambazo hata mbwa awe mdogo vipi haruhusiwi kuingia akiwa kabini, Uingereza kwa mfano anaingia kama mzigo. Yetu ilikuwa inaruhusu. Yule daktari alinisomesha ile namba kwa sauti mara tatu, mimi nasoma kwenye skana, yeye anafuata kwa kalamu kwenye cheti, akaniambia mwanangu tarakimu moja ikikosewa hapa utakwama kule.

Nikamwomba dawa ya usingizi. Nilikuwa nimeshapiga picha kichwani, Kidoti amelala masaa 6, anaamka yuko kwa mama. Akakataa hapohapo. Akanieleza kwamba kabini hewa inakuwa kama ya mtu aliye juu mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi, na dawa za kutuliza zinashusha presha na zinaweza kuvuruga upumuaji, na mbwa akilegea ndani ya begi hawezi hata kujiweka vizuri shingo ikikunjika, na huko juu hakuna wa kumsaidia. Mashirika ya ndege nayo kupitia IATA, chama chao cha kimataifa, wanashauri hivyohivyo, mnyama asilazwe kwa dawa. Akaniambia una siku 21, mfundishe begi.

Hiyo ndo kazi niliyoifanya kwenye nyumba ya mama iliyokuwa imefungwa miezi mitatu. Begi lilikuwa la kitambaa laini, lina nyavu pande tatu, linabonyea kidogo ili liingie chini ya siti, na ndani Kidoti anaweza kusimama na kugeuka, hilo ni sharti. Siku za mwanzo nililiacha wazi sakafuni tu, sikumgusa wala kumwita. Siku ya tatu akaingiza kichwa. Nikaanza kuweka chakula chake humo. Alafu nafunga zipu dakika moja, nafungua, alafu tano, alafu nalibeba begi nazunguka nalo nyumba nzima, alafu naliweka chini ya kiti na mimi nakaa juu yake nasoma. Kuna siku alilia humo ndani nikafungua haraka na kesho yake akagoma kabisa kuingia, ikabidi nirudi nyuma siku mbili. Ndani nilitandika sweta ya mama, ile ya kijivu, sijaifua. Siku ya 15 hivi nikatoka jikoni nikamkuta kalala kwenye begi mwenyewe, zipu wazi, pua kaizamisha kwenye mkono wa sweta. Nilikaa chini palepale. Nyumba ilikuwa kimya na ile sweta bado ilikuwa na harufu yake.

Siku ya safari ndege ilikuwa saa 5 asubuhi. Chakula nilimpa saa 12 alfajiri, kidogo, maji machache machache, tukatembea nje mpaka alivyojisaidia kila kitu, na begi likawekwa pedi chini. Nafasi yake niliiombea mapema kabla hata sijalipa tiketi yangu, maana kila ndege ina idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kabini na ikijaa imejaa.

Kwenye kaunta wakaliweka begi kwenye mizani na yeye ndani. Kikomo kwa kampuni ile kilikuwa kilo 8, mbwa na begi kwa pamoja. Mizani ikasoma 8.4. Jirani alimpenda sana Kidoti na alimlisha kwa upendo wote, na mimi nyumbani nilimpima peke yake nikajumlisha begi, sikujumlisha sweta na pedi. Dada wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa, dada, ikizidi hivi anatakiwa aende chini kwenye mizigo, na huko kunataka kreti ya plastiki ngumu, wewe huna. Nyuma yangu foleni ndefu. Nikafungua zipu kidogo nikaingiza mkono, Kidoti akaulamba, nikavuta ile sweta taratibu ikatoka. 7.9. Nikaivaa mwenyewe juu ya nguo zangu, na joto lote lile, nikabandikiwa kilebo kwenye begi nikaondoka mbio kabla mtu hajabadili mawazo.

Sehemu niliyokuwa naiogopa kuliko zote ni ukaguzi. Begi linapita kwenye mashine ya eksirei likiwa tupu, mbwa hapiti humo kamwe, mbwa unambeba mikononi unapita naye kwenye lango. Nilikuwa nimemvalisha mkanda wa kifuani tangu nyumbani, kamba yake nimeizungusha mara mbili kwenye kiganja. Tuko katikati ya lango mtu nyuma akaangusha trei, ile sauti ya plastiki kwenye sakafu, na Kidoti akaruka. Aliruka kabisa kutoka mikononi mwangu akaning'inia kwenye mkanda sekunde moja mpaka nikamdaka. Angekuwa na kola tu ya shingoni ingemvuka kichwani, na pale mbele kulikuwa na ukumbi mzima wa watu na mabegi na milango. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye mkono wangu kama kitu kinachotaka kutoka. Afisa mmoja akanipangusa viganja kwa kijikaratasi chao cha kupima vilipuzi, akasubiri, hakunisukuma, akasema chukua muda wako mama. Nilivyomrudisha kwenye begi nilirudisha na sweta.

Ndani ya ndege nilikuwa siti ya dirishani. Ukiwa na mbwa hawakupi siti za mlango wa dharura wala zile za mbele kabisa zenye ukuta, kwa sababu begi lazima liwe chini ya siti ya mbele yako, na linakaa hapo safari nzima, zipu imefungwa. Kijana mmoja wa nyuma aliyeona nahangaika kulisukuma akaniambia kwa nia njema kabisa, si uliweke tu juu kwenye kabati upate nafasi ya miguu. Nikamwambia hapana kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mwaka 2018 huko Marekani, ndege ya kutoka Houston kwenda New York, mbwa mdogo aina ya bulldog wa Kifaransa aliwekwa kwenye kabati la juu na ndege ilivyofika alikuwa ameshakufa. Nilikuwa nimesoma ile habari zaidi ya mara moja zile siku 21.

Jirani yangu wa siti alikuwa mzee, amevaa saa kubwa ya mkononi. Akaliangalia begi, akaniambia, "Binti, mimi mbwa siwawezi, niling'atwa utotoni." Nikamwambia mzee wangu hatatoka humo mpaka tufike, na kama hutaki namwita mhudumu tupangwe upya, sitakasirika. Akafikiria. Akauliza analia? Nikasema sijui, hajawahi kupanda ndege. Akafunga mkanda wake akabaki.

Alilia. Ndege ilivyoongeza nguvu kwenye njia alianza ile sauti nyembamba, si kubweka, ni kama mlango unaofunguka polepole, na alikuwa anahema haraka, nasikia kabisa. Siwezi kumtoa, siwezi kufungua. Niliinama mpaka paji la uso likagusa siti ya mbele, nikabandika vidole kwenye wavu, nikawa naongea naye kwa maneno ambayo mama alikuwa anamwambia kila jioni, Kidoti wangu, Kidoti mzuri, tumekula tumeshiba tulale. Dakika kumi hivi, labda zaidi. Alafu akanyamaza.

Mwanzo nikafurahi. Baada ya muda nikaona kanyamaza mno. Nikagusa wavu, hakulamba. Nikamwita, hakuna kitu. Ndege ilikuwa imeanza kutikisika na taa za mikanda zimewaka na chini kule ni giza, naona tu kitu cha kahawia kimejikunja juu ya sweta ya kijivu. Nilishindwa hata kumeza mate. Nilikuwa namuona mama kakaa kwenye kiti chake na kidole kwenye paji la uso, na mimi naingia na begi.

Yule mzee akauliza, "Anapumua?"

Nikasema sioni. Akanyoosha mkono wake juu ya magoti yangu akawasha tochi ya simu kwenye wavu, mwanga mdogo, na akaniambia hesabu, mi natazama saa. Daktari alikuwa ameniambia mbwa aliyetulia anapumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika, kwa hiyo nilijua cha kuhesabu. Ubavu ukapanda. Moja. Ukashuka, ukapanda, mbili. Tulihesabu dakika nzima mimi na mtu anayeogopa mbwa, tumeinama wote wawili vichwa vinagusana, yeye anasema bado, bado, bado, haya basi. Ishirini na mbili. Kidoti alikuwa amelala. Amelala tu, kwenye begi lake, kama siku ile jikoni.

Yule mzee akazima tochi akaegemea nyuma. Baada ya kama lisaa akasema tuhesabu tena, tukahesabu tena. Tulihesabu mara nne safari ile, na ya mwisho alianza yeye kabla sijamwomba.

Tulivyoanza kushuka nikapenyeza vipande vidogo vya biskuti yake kwenye kona ya zipu, mhudumu aliniruhusu, ili awe anameza na masikio yasimuume. Alikula vyote. Mzee akaninong'oneza muwekee na hiki, akanipa kipande kilichokuwa kimenidondoka mimi.

Kule chini kwenye ukaguzi wa wanyama afisa akapitisha skana katikati ya mabega, kimya. Akapitisha tena, kimya. Nikaanza kusikia baridi miguuni, maana hapo bila namba makaratasi yote ni bure. Kumbe chipu inaweza kuhama kidogo chini ya ngozi, akashuka nayo pembeni kuelekea bega la kushoto na ile mashine ikalia. Akasoma tarakimu 15 moja moja, mimi nazifuata kwenye cheti kwa kidole. Zikalingana zote. Nikatoka nje nikatafuta majani yoyote yale, nikamweka chini, akasimama muda mrefu ananusa upepo kabla hajajisaidia.

Nyumbani mama alikuwa kakaa dirishani. Dada yangu alikuwa amemwambia asubuhi lakini sijui kama aliamini. Nilivyoingia aliniangalia mimi kwanza, akaona sweta yake inachungulia kwenye wavu, alafu kidole kikapanda kwenye paji la uso. Nikaweka begi magotini mwake. Ndani kukaanza kukwaruza na ile sauti nyembamba tena. Dada akainama afungue, mama akamsogeza mkono.

Zipu alifungua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, inakwama anairudisha anavuta tena. Ilichukua muda. Pua ikatoka kwanza, alafu doa.