Muhuri wa shujaa na nyati: nimefika usoni

Nyati wa pili amekamilika. Sasa zimebaki nyuso za mashujaa, ambazo nilikuwa nikizikwepa makusudi.

Kwa anayeanza kufuatilia: nachonga nakala ya muhuri wa Ibni-sharrum, mwandishi wa Shar-kali-sharri, mfalme wa Akkad, dola ya kale ya Mesopotamia (Iraki ya leo), aliyetawala karibu mwaka 2200 KK. Muhuri wenyewe, kijiwe chenye umbo la silinda, uko makumbusho ya Louvre, Paris, na kimo chake hakifiki sentimita 4. Ukiviringishwa juu ya udongo mbichi, wanatokea mashujaa wawili walio uchi, wamepiga goti, wameshika mitungi inayobubujika maji mbele ya nyati. Chini yao mto unapita kati ya milima. Mimi nimetumia jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ambalo ni laini zaidi, na nimeongeza ukubwa. Macho yangu hayawezi mambo ya Akkad.

Nyati hawa si mbogo wetu. Ni nyati wa majini, na inaaminika walifika Mesopotamia kutoka bonde la Indus. Pembe zao ndefu zina mikunjomikunjo na zimebeba kibao cha maandishi. Kuchonga mikunjo hiyo kulikuwa raha tupu. Ncha ya sindano inatosha.

Uso ni habari nyingine. Kwenye mihuri hii wanyama na miungu wengi huonekana kwa ubavu, lakini shujaa huyu, anayeitwa lahmu, anakukazia macho, ndevu zimetanda, misokoto ya nywele mitatu kila upande. Na kazi yote inakwenda kinyume: kilichochimbwa ndani zaidi ndicho kitakachotokeza zaidi kwenye udongo. Kwa hiyo pua ndiyo shimo refu kuliko yote, mashavu yanakuja baadaye. Nachimba kidogo, nakandamiza kipande cha udongo, natazama, narudi tena. Pua naianza kwa keekee, kisha nasawazisha kwa patasi ndogo mpaka tundu lisijulikane. Wachongaji wa Akkad walificha alama za keekee kwa ustadi; wa Ashuru, karne nyingi baadaye, mara nyingi waliziacha wazi. Nawapenda wote, ila hapa nafuata Akkad.

Mwisho nitaweka maandishi, nayo yachongwe kinyumenyume ili yasomeke kwenye udongo.

Muhuri utakaofuata ni wa Etana, mfalme wa Kish, akipaa mgongoni mwa tai. Nimeuchagua kwa sababu ya mbwa walioachwa chini, shingo juu, wakimtazama bosi akipotelea mawinguni.