Barua ya mama kwenye mgunga wa Nairobi

Mjomba wangu alikuwa mpishi kwenye malori ya watalii, yale yaliyokuwa yakiondoka Nairobi, yakivuka Tanzania na kuteremka hadi Malawi, Zambia na Zimbabwe. Akishaondoka ndiyo basi, hatusikii habari zake hadi arudi. Kwa hiyo nyanya alipougua, likizo ya Agosti mwaka 1987, hakuna aliyejua kitinda mimba wake atafutwe wapi. Kwetu Kongoni, Naivasha, hatukuwa na simu, na barua tungeipeleka anwani gani?

Mama alikumbuka jambo moja. Mjomba alipata kumwambia kwamba pale hoteli ya New Stanley, Kimathi Street, kuna mti, mgunga, ambao wasafiri huachiana barua. Alfajiri tukapanda Peugeot ya abiria hadi River Road, Nairobi, kisha tukashika njia kwa miguu.

Sisi wa Naivasha mgunga hatuhadithiwi. Umejaa kando ya ziwa, magome yake manjano, na Wamaasai wanauita olerai. Nyumbani matawi yake ndiyo yaliyokuwa ua wa mbuzi, na kwa miiba ile mirefu myeupe, fisi alizunguka tu akaenda zake. Mchungaji aliyepotea akiiona migunga ya namna hiyo anajua maji hayako mbali. Wazungu wa zamani walipiga kambi chini yake, wakashikwa na malaria, wakaubandika mti jina la homa. Kumbe ni mbu wa maji yaleyale! Mti umeonewa hadi leo, na mimi jambo hilo huniudhi.

Mama alipoufikia ule wa mjini, meza zimeuzunguka na watu wanakunywa kahawa, aliuwekea kiganja shinani kama anayemsalimu jamaa. “Na wewe wamekuleta Nairobi,” akauambia.

Mkahawa ule, Thorn Tree, yaani mti wa miiba, ulifunguliwa mwaka 1959, na desturi ya kubandika karatasi mtini ilikuwa imeenea kwa wasafiri wa dunia nzima. Tulikuta ubao wa pale mtini umejaa, karatasi juu ya karatasi. Nilikuwa darasa la saba, nikaanza kumfasiria mama Kiingereza nilichoweza. Mmoja alikuwa na nafasi kwenye gari la kwenda Kairo. Mwingine alimwambia mwenzake asimngoje, wakutane Lamu. Karatasi moja ilitoka kwa mzazi, akimwomba mwanawe apige simu nyumbani, hata dakika moja.

“Hiyo isome tena,” mama akasema.

Nikaisoma tena. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nitoe kalamu.

Mimi nilikuwa na hofu tutafukuzwa, maana viatu vyetu vilikuwa na vumbi la Kongoni na hatukuwa na pesa za chai ya pale. Mhudumu mmoja wa makamo akatujia. “Mama, kuna mtu unamtafuta?”

“Ndugu yangu, mzee. Yuko kwenye malori.”

Hakuuliza zaidi. Alisogeza karatasi mbili zilizochakaa, akampa mama pini. Tukabandika jina la mjomba kwa herufi kubwa, na chini yake: Mama anaumwa sana, rudi nyumbani, dada yako. Kati ya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, Kiswahili kilikuwa chetu peke yake.

Mwaka 1996 Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya safari, ilipofungua baraza la wasafiri kwenye intaneti, ililipa jina la mti ule, Thorn Tree. Nilipopata habari hiyo nilifurahi kweli, kwa kuwa nilijua umefanya kazi gani.

Maana karatasi yetu ilisomwa. Dereva mmoja Mtanzania alipita pale kuangalia ujumbe wa wageni wake, akaona Kiswahili, akasimama. Alipokutana na mjomba Mbeya, mahali malori yalipolala kabla ya kuvuka mpaka, alimwambia hata kabla ya salamu: “Nyumbani unatafutwa, mama mgonjwa.” Mjomba alikabidhi sufuria zake kwa mwenzake, akadandia basi la Dar es Salaam, kisha Arusha, kisha Namanga. Alimkuta nyanya yu hai, akamlisha uji kwa mkono wake.

Jina la dereva yule mjomba hakuwa amelishika. Mama alipoenda tena Nairobi kununua dawa, alipita Kimathi Street na karatasi nyingine aliyoiandika mwenyewe: Dereva uliyempa ndugu yangu habari Mbeya, amefika, Mungu akuzidishie.