Kaka ameacha sigara, dawa ikamzidi

Kaka yangu anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili. Kwa muda mrefu ndugu walisema, "Mwacheni avute, ndiyo starehe aliyobaki nayo." Kauli hii inaniuma sana. Watu wenye ugonjwa huu huvuta sigara kuliko watu wengine, na wengi wanatangulia mapema, hasa kwa magonjwa ya moyo na mapafu. Starehe gani hiyo?

Mwaka jana aliamua mwenyewe kuacha. Haikupita muda akaanza kulala mchana kutwa, na akisimama anayumba. Majirani wakasema ugonjwa umepanda. Muuguzi wa kliniki, Mungu ambariki, aliuliza swali moja tu: "Ameacha sigara?"

Kaka anatumia olanzapini, dawa ya ugonjwa wake huo. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, na hicho huivunja dawa haraka. Moshi ukikoma, kidonge kile kile kinakuwa kikali zaidi mwilini. Klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, nayo ni hivyo hivyo. Kinacholeta mabadiliko hayo ni moshi, si nikotini (kile kilevi cha tumbaku), kwa hiyo hata anayeacha kwa vibandiko vya nikotini dozi yake inahitaji kuangaliwa. Daktari alimpunguzia, na kaka akachangamka tena.

Nyumbani kwenu kama yupo anayetaka kuacha, msimvunje moyo, na dawa asiziache wala kuzipunguza mwenyewe. Mwambieni daktari wake mapema, kabla ya sigara ya mwisho. Na akirudia kuvuta, mwambieni tena, maana dozi huenda isimtoshe.