Bibi Asiyevua Koti

Ndugu zangu mnaoniuliza kila mara kazi ya huku Kanada ikoje, leo nawapa jibu lisilo na picha ya theluji.

Niko Winnipeg, mwaka wa saba huu. Miaka ya mwanzo nilibeba boksi kama wenzangu huku nahangaikia leseni ya uuguzi, na hiyo habari ina machozi yake, tuiache. Nilipoingia wodini nilidhani nitawauguza wazungu tu. Kumbe wagonjwa wetu wengi ni wenye nchi hasa: Wakrii, Waojibwe, Wadene, na Wainuiti wanaoletwa kwa ndege kutoka Nunavut, kaskazini kabisa. Wengine wanatoka vijiji vya kaskazini ambavyo barabara yake ni ya msimu wa baridi tu, ziwa likishaganda malori yakapita juu ya barafu. Likiyeyuka, ni ndege au ubaki nyumbani.

Bibi ninayetaka kumsimulia aliletwa usiku, ana kidonda cha kisukari mguuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, koti zito la baridi limefungwa mpaka kidevuni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Wodini joto, mimi mwenyewe natoka jasho. Nilitaka kumwekea dripu. Nikamwomba avue koti, kimya. Nikarudia, akatazama dirishani. Mara ya tatu nikagusa mkono wa koti, akauvuta. Nikaenda kwenye kompyuta nikaandika: "Anakataa matibabu." Maneno mawili, nikakimbilia kitanda kingine. Sikujua kwamba maneno mawili ya namna hiyo humfuata mtu kila wodi atakayoingia.

Asubuhi akaja mwelekezaji. Hospitali kadhaa za huku zimeajiri watu wa jamii hizo hizo kwa kazi hii: kutafsiri, kufuatilia karatasi za safari, kumweleza mgonjwa alichosema daktari, na ikibidi kumwambia daktari avute kiti akae. Huyu ni mama wa Kikrii wa makamo, anatembea polepole makusudi. Hakuuliza habari ya mguu. Alikaa, akataja kwao, akataja wazazi wake, kisha akamuuliza bibi ni mtoto wa nani. Wakatafutana mpaka wakampata mtu wanayemjua wote wawili, marehemu mmoja aliyekuwa mchekeshaji inaonekana, maana walicheka. Dakika ishirini nzima! Nimesimama na trei yangu nahesabu, na ghafla nikaona haya. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu hata mtu anayekuja kukudai hela yake huanza na za asubuhi, wazima nyumbani, watoto hawajambo. Na mimi ndiye niliyeingia kwa mtu mzima usiku wa manane bila hodi, nikamwambia vua.

Baada ya hapo ndipo yakatoka. Utotoni alichukuliwa kwa kifua kikuu, yeye na dada yake, wakapelekwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, huko kusini. Mlangoni walivuliwa makoti waliyoshonewa na mama yao, hawakuyaona tena. Yeye alirudi kijijini akiwa amesahau nusu ya lugha. Dada hakurudi, na wazazi hawakuambiwa alizikwa wapi. Haya si ya bibi huyu peke yake. Kanada ilikuwa na hospitali zilizotengwa kwa ajili ya watu hawa, kama ilivyokuwa na shule za bweni ambako watoto wapatao 150,000 walipelekwa, wengi kwa nguvu, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye koti jeupe anapomwambia mtu wa umri ule "vua", sauti yake inasikika pamoja na za wale waliomtangulia.

Nikataka kutengeneza, nikaharibu. Nilimwambia mwelekezaji, tukiwa kwenye korido, kwamba naelewa, na sisi tulitawaliwa, Wajerumani kisha Waingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wenu waliondoka." Basi. Akaongeza kwamba kwa bibi yule mimi si Mwafrika wala mtu mweusi. Mimi ni hospitali: nina kitambulisho kifuani, nina funguo za dawa, nina kompyuta ya kumwandika. Hilo lilinikaa kooni siku nyingi. Wengi wetu tunakuja huku tukidhani rangi yetu ni cheti cha kutuondolea lawama. Nimeshawasikia Waafrika wenzangu, chai mkononi, wakisema watu hawa ni walevi, wavivu, wanapewa hela za bure na serikali. Maneno ya mwenye nyumba tumeyashika kabla hata ya kuujua mtaa.

Na dhana hizo zinaua. Mji huu haujamsahau Brian Sinclair, Muojibwe wa miaka 45 aliyekatwa miguu yote miwili, aliyeingia kitengo cha dharura Septemba 2008 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba, maambukizi yanatibika. Alikaa pale saa 34. Alitapika, watu wakawaambia wahudumu, na bado hakuna aliyemtibu mpaka akafa palepale kitini. Kwenye uchunguzi wa mahakama ilielezwa kwamba baadhi ya wahudumu walidhani amelewa, au hana makazi na amekuja kujikinga na baridi. Jimboni Quebec, Septemba 2020, Joyce Echaquan wa Waatikamekw, jamii nyingine ya wenye nchi, mama wa watoto saba, alijirekodi mubashara kitandani huku wahudumu wakimtukana, na akafa siku hiyo hiyo.

Aliyelipa jina jambo hili, la mgonjwa kuhudumiwa bila kudharauliwa kwa asili yake, ni muuguzi wa Kimaori, wenye nchi wa New Zealand, Irihapeti Ramsden. Aliliita usalama wa kitamaduni, na tangu miaka ya 1990 wauguzi wa kule wanafundishwa hivyo. Kiini chake kinaniuma hadi leo: anayesema kama huduma ilikuwa salama ni aliyeipokea. Mimi naweza kuhudhuria semina kumi na kupewa vyeti kumi, lakini bibi akibaki na koti lake mwilini, jibu ninalo.

Kazi yenyewe ya kila siku haina fahari, ni simu na karatasi. Mfano: faili la bibi lilionyesha kwamba kliniki mbili za nyuma "hakufika". Mwelekezaji akapiga simu kijijini, kumbe siku zote mbili ndege hazikuruka kwa sababu ya dhoruba. Hakukuwa na mahali pa kuandika dhoruba, palikuwa na mahali pa kuandika hakufika. Au msindikizaji: mpango wa serikali kuu hulipia safari za wagonjwa wa vijijini, ila kibali cha ndugu wa kumsindikiza huombwa na kungojewa. Daktari alitaka saini akate kidole cha mguu siku ile ile. Bibi alitaka binti yake afike kwanza. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kinavumilia siku mbili, mwelekezaji alizipigania siku mbili, akazipata.

Binti alipofika waliomba kufukiza. Seji kavu, majani yenye harufu, huchomwa kwenye kombe la baharini, moshi unapelekwa kwa viganja usoni na kifuani. Kazi yangu ilikuwa kumwita fundi azime king'ora cha moshi cha chumba kile. Harufu ilinipeleka nyumbani, Alhamisi jioni, mama na chetezo chake. Nikaropoka, "Kama ubani wetu!" Binti akanitazama kwa upole, "Ubani siujui. Hii ni seji." Nikafunga mdomo na mlango. Na msianze kumwita kila mzee wa huku *kookum*, yaani bibi kwa Kikrii, kwa sababu tu mmelisikia. Nilijaribu kwa mwingine, akaniambia ana wajukuu tisa na mimi simo.

Koti alilivua siku ya tatu. Hakuna aliyemwambia. Nilikuta limetundikwa nyuma ya mlango, naye amekunja mkono wa gauni tayari kwa dripu. Nikaenda kuandika maelezo mapya, maana ya zamani hayafutiki: kwamba mgonjwa aliomba kumsubiri binti yake, kwamba ndege za kliniki hazikuruka.

Siku ya kuruhusiwa, tukingoja gari la kiwanjani, akaniuliza kupitia binti yake kama mama yangu yu hai. Nikasema yupo, Tanga, ana presha.

"Nani anampeleka hospitali?"

Nikamwambia ni mdogo wangu. Alifikiri kidogo, kisha akaniinulia mkono nimvalishe koti.