Kutembea au mashine ya kuteleza: nilivyoamua mwenyewe

Aliyeniuzia mashine aliniambia, "Mama, ukizidi kutembea mafuta ya magoti yanaisha. Simama hapa uteleze." Maneno hayo nimeyasikia saluni, nimeyasikia msibani, na kila nikiyasikia damu inanichemka, kwa sababu yamewakalisha chini wanawake wengi wa rika langu wenye kisukari kama mimi. Gegedu la goti, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ule ute wa goti, na ute unaingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, yaani pale unapotembea. Daktari aliyeliangalia goti langu la kulia, ambalo limeanza kusagika, hakunikataza kutembea. Alisema nitembee, nipunguze uzito, na siku likivimba nilipumzishe.

Mashine niliinunua hata hivyo, laki tatu na ushee, mtumba wa Uingereza, ukiacha hela ya kirikuu. Ni ile yenye vibao viwili vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye vyuma, na mikono miwili ya kushika. Mguu mmoja ukienda mbele, mwingine unarudi nyuma. Haitumii umeme na nyayo hazigongi chini. Nilikuwa na sababu zangu: Kimara, Dar es Salaam, tunakoishi ni milima na udongo mwekundu, na masika yakianza hata vijana wanaanguka. Pia usiku baada ya kula siwezi kuzunguka mtaani peke yangu.

Sasa, ipi inafanya kazi? Sikutaka kubishana na mtu, nilipima. Unaweka vidole viwili shingoni, unahesabu mapigo kwa sekunde 15, unazidisha kwa 4. Kutoka Baruti kupanda hadi Kimara Mwisho kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, mapigo yangu yalipita 110. Kuongea naweza, kuimba pambio siwezi. Hicho ndicho kiwango cha wastani ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima akifikie kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwenye mashine niliteleza karibu taarifa ya habari nzima, na mapigo yakawa kama ya mtu anayechambua mchele. Vile vibao ni pembea. Ukishavisukuma vinajiendesha vyenyewe, wewe umepanda tu.

Kijana wangu akashauri tufunge mifuko ya mchanga kwenye vibao. Tukafunga, kilo kadhaa kila upande. Ikawa mbaya zaidi! Kuanza kulikuwa kugumu, lakini ikishashika kasi ule uzito wenyewe uliipeleka mashine, na kusimama ndiyo ikawa kazi. Tukamwaga mchanga.

Dawa niliipata kwa fundi baiskeli wa pale Korogwe ya hapa hapa Kimara, chini ya mwarobaini. Nilimwona akifunga mzigo kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akiuvuta mpaka mishipa ya mikono inamtoka, nikajua hicho ndicho ninachokitaka miguuni. Nikamwambia, "Mwanangu, nichanie tyubu kuukuu vipande virefu, upana wa vidole viwili." Nyumbani nilifunga kila mguu wa mashine, yaani chuma kinachobeba kibao, kwa vipande viwili, kimoja kuelekea chuma cha mbele na kingine cha nyuma. Ukifunga upande mmoja tu, mguu unavutwa wakati wa kurudi na nyonga inauma. Urefu lazima ulingane kulia na kushoto, kwa hiyo nilipima kwa futi ya cherehani. Nikapanda. Hatua fupi, za haraka, mikono imeshika kidogo tu bila kuegemea. Kabla ya matangazo ya biashara jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na mapigo yalifika mia na kitu. Nilimwita mume wangu aje aone!

Kwa hiyo asubuhi natembea, na kutembea ndiko kuliko msingi, maana mifupa inataka kubeba mwili na kugonga ardhi. Jumamosi tunakwenda Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, limepita juu ya bahari, upepo unakupiga usoni na njia ya miguu ni tambarare. Mashine ni ya siku za mvua, na ya dakika kumi baada ya ugali wa usiku. Hizo dakika kumi zina maana yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kwamba wenye kisukari aina ya pili wakitembea dakika kumi baada ya kila mlo, sukari baada ya kula inashuka vizuri kuliko wakitembea nusu saa mara moja kwa siku. Mimi kipimo cha kidole kinanionyesha tofauti na siku ninazokaa. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, aweke kitu cha sukari karibu, inaweza kushuka ghafla. Na raba za kufunga na soksi vaa hata kwenye mashine. Mguu wa mgonjwa wa kisukari hauchezewi.

Na wakikwambia hatua 10,000 kwa siku ndiyo sheria, namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Anza na unazoweza.

Tyubu zinachoka. Nikiona nyufa nabadilisha kabla ya kupanda, kwa sababu ikikatika katikati ya mwendo mguu unaruka. Fundi ananitunzia zake kuukuu, na elfu mbili inatosha pande zote mbili.