Kima, Tingatinga na faini ya kikoba

Mvua imenifungia ndani Tabata tangu asubuhi, bando lipo, nikajikuta nasoma kesi za watu. Ya kwanza ilinichekesha. Mwaka 2011 huko Sulawesi, Indonesia, kima alishika kamera ya mpiga picha Mwingereza, David Slater, akajipiga picha meno nje kama bwana harusi. Mwaka 2015 shirika la kutetea wanyama, PETA, likafungua kesi Marekani likidai mwenye picha ni kima. Mwaka 2017 wakaelewana: Slater atoe 25% ya mapato ya picha hizo kusaidia kima wa kule. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikasema mnyama hawezi kudai hakimiliki. Mtu ameshinda, na kulipa ameshakubali!

Basi nikaanza kuwaza wachoraji wetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968 hivi, rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, kazi zake zikiuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, na jiji zima mpaka leo linakula kwa jina lake. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu: ulinzi wa picha zake ulikwisha 2022. Na mtindo wenyewe haujawahi kuwa wa mtu, kwa sababu sheria inalinda mchoro, hailindi namna ya kuchora.

Kwa hiyo ukisoma sheria utadhani kwa wachoraji wa pale Morogoro Stores ni kila mtu na lake. Siyo. Juzijuzi nilikaa pale namwangalia kijana anaweka madoa ya chui. Anachovya brashi kwenye kopo, anapangusa ukingoni, doa, doa, doa, hana habari na penseli. Jirani yake ana chui yuleyule, mgongo umepinda vilevile. Nikamuuliza, huumii kuigwa?

“Aa, dada yangu, chui siyo wangu. Ila akiandika jina langu pale chini, tutavunjana.”

Na anayefanya hivyo, akaniambia, hapelekwi popote. Anasalimia asubuhi, haitikiwi. Mimi naamini adhabu hiyo inauma kuliko wakili.

Hilo likanifanya nisome mara mbili utafiti wa wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliotoka mwaka 2000. Walifuatilia chekechea 10 za Haifa, Israeli, ambako wazazi walichelewa kuchukua watoto. Sita zikaweka faini ya shekeli 10. Waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili! Faini ikafutwa, wakaendelea kuchelewa vilevile. Mwanzoni mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu aliyekaa kumsubiri. Ilipokuja faini, akaona amemlipa, hadaiwi.

Hii mbona naijua. Kikoba chetu kinatoza elfu moja kwa mchelewaji. Siku hizi mtu anaingia tumeshafika kwenye mikopo, noti iko mkononi tayari, shikamoo ya mwenyekiti anairusha huku anavuta kiti. Kabla ya faini mtu alianza kuomba radhi tangu getini: jamani foleni, jamani mtoto, nisameheni. Tulikuwa tunamcheka, lakini wiki inayofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Jumamosi napeleka hoja faini ifutwe, mchelewaji asimame mbele ya wenzake ajieleze. Ya Haifa yananitia wasiwasi kidogo, maana aibu ikishatiwa bei sijui kama inarudi. Na mweka hazina atanipinga mapema sana: hizo elfu moja moja ndizo zinazonunua pilau na soda za Desemba, na mchangiaji mkubwa ni yeye mwenyewe.